Nitabeba Tena Lini?

Mwanamume aliyekwisha kukubali kupasuliwa ngiri huwa na maswali machache, na moja huyatangulia mengine yote: nitarudi kazini lini? Huliuliza mchukuzi wa sokoni, mvuvi, fundi mwashi, na mkulima anayeona mawingu ya masika yakijikusanya. Wenye bima au wenye kipato huongeza la pili: nipasuliwe kwa njia ya wazi ya siku zote, au kwa matundu madogo? Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba swali ni lile lile. Wamesikia kuwa wa matundu kesho yake anatembea, na wa kisu hulala mwezi mzima. Maneno hayo yana ukweli, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko unavyovumishwa. Nimeuguza ngiri katika ukoo wetu, nimesoma pia yaliyopimwa na madaktari wa nchi mbalimbali, na ninaloliona ni kwamba njia ya kuingilia tumboni huamua siku chache za mwanzo. Siku zinazofuata huamuliwa na kazi inayomsubiri mtu, na maneno aliyoambiwa siku ya kuruhusiwa, na hali ya ngiri yake alipofikishwa hospitali.

Ngiri ya kinena ni mwanya. Chini ya tumbo, karibu na paja, ukuta wa misuli una njia ndogo ambamo kwa wanaume hupita kamba inayoshikilia korodani. Njia hiyo ikilegea, kwa umri, kwa maumbile ya kuzaliwa au kwa miaka mingi ya kujikaza, utando wa ndani husukumwa nje na utumbo ukaufuata. Mtu akisimama au akikohoa uvimbe hujitokeza, akilala hurudi. Watu wa pwani husema fulani ana mshipa, na wanalisema kwa sauti ya chini, kwa sababu uvimbe ukishuka hadi kwenye korodani huwa ni siri ya chumbani. Mwongozo wa kimataifa wa wapasuaji wa ngiri, uliotolewa mwaka 2018, unakadiria kwamba kati ya wanaume 100, 27 hadi 43 watapata ngiri ya kinena katika maisha yao. Kwa wanawake ni 3 hadi 6. Duniani kote hufanyika zaidi ya operesheni milioni 20 kila mwaka. Hakuna anayepaswa kuona haya kwa maradhi yanayowapata watu wengi kiasi hicho.

Katika njia ya wazi daktari hukata mkato wa mshazari juu ya kinena, wa sentimita tano hadi saba hivi. Hupita ngozi, hupita mafuta, kisha tabaka jeupe, gumu, linalong'aa, ambalo ndilo ngao ya mbele. Chini yake huikuta ile kamba, huutafuta mfuko wa ngiri ulioambatana nayo, huutenganisha na kuurudisha ndani. Halafu, kama upo, hulaza wavu mwembamba wa plastiki juu ya mahali palipolegea na kuushona pembeni, nao kwa wiki kadhaa hushikwa na nyama inayokua katikati ya matundu yake. Kazi hii yaweza kufanyika kwa ganzi ya pale pale kinenani, mgonjwa akiwa macho anazungumza. Kwetu wengi hupigwa sindano ya mgongo. Mishipa mitatu ya fahamu hupita eneo hilo, na umahiri wa daktari huonekana katika namna anavyoitambua na kuitunza, kwa maana mshipa ulionaswa na uzi unaweza kumsumbua mtu kwa miaka.

Njia ya matundu huufikia mwanya ule ule kwa nyuma. Tundu moja la sentimita moja hivi hutobolewa karibu na kitovu, na mengine mawili ya nusu sentimita chini yake au pembeni. Gesi ya kaboni dayoksaidi hupulizwa ili kupata nafasi, kamera huingizwa, na daktari hufanya kazi akiangalia kioo cha televisheni. Ngiri huvutwa ndani badala ya kusukumwa kutoka nje, na wavu mpana zaidi, kwa kawaida sentimita 10 kwa 15, hulazwa nyuma ya misuli, ambako msukumo wa tumbo lenyewe unaukandamiza ukutani. Ile ngao nyeupe ya mbele haikatwi kabisa. Ndiyo sababu maumivu ya mwanzo hupungua. Lakini mgonjwa hulazimika kupewa nusu kaputi, na akizinduka anaweza kushangaa kwamba kinachomuuma ni bega, kwa kuwa gesi iliyobaki huukera msuli wa kupumulia, na mshipa wa fahamu wa msuli huo huanzia shingoni, panapoanzia pia mishipa ya bega.

Sasa tuzitazame siku. Mwaka 1997 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa karibu 1,000 waliogawanywa kwa kura. Waliopasuliwa kwa matundu walirudia shughuli za kawaida baada ya siku 6, wenzao wa njia ya wazi baada ya siku 10. Kazini walirudi baada ya siku 14 dhidi ya 21, na michezoni baada ya siku 24 dhidi ya 36. Ndizo namba zilizoipa njia ya matundu sifa yake, na si za uongo. Ila wale wa njia ya wazi kwa sehemu kubwa hawakuwekewa wavu. Walishonwa nyama kwa nyama, kwa mvutano. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ile ilitokana na nyuzi, wala si na ukubwa wa kidonda peke yake. Miaka saba baadaye, 2004, hospitali za maveterani wa Marekani zilitoa matokeo ya wanaume wapatao 2,000, safari hii pande zote mbili wakiwa na wavu. Wa matundu waliumwa pungufu ya wenzao siku ya operesheni na hata wiki mbili baadaye, lakini walirudia shughuli zao siku moja tu mapema. Na baada ya miaka miwili ngiri ilikuwa imerudi kwa wagonjwa 10 katika kila 100 wa matundu, dhidi ya 5 wa njia ya wazi.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji wa huduma hulipita haraka. Katika utafiti huo wa Marekani, madaktari waliokwisha kufanya operesheni za matundu zaidi ya 250 walipata matokeo mazuri sawa na wa njia ya wazi. Tofauti ilikuwa kwa wale ambao mkono wao haujazoea. Leo mbinu zimeboreka, na katika mikono iliyobobea njia hizi mbili zinakaribiana kwa kurudi kwa ngiri. Mwongozo wa 2018 unazikubali zote mbili, na unaipendekeza ya matundu pale penye ujuzi na vifaa, hasa kwa mwenye ngiri pande zote mbili, kwa aliyepasuliwa kwa mbele na ngiri ikarudi, na kwa wanawake, ambao ngiri yao mara nyingi hujificha chini zaidi, kwenye mwanzo wa paja, mahali ambapo mkato wa mbele waweza kuikosa. Ningekuwa mgonjwa, ningemwuliza daktari kwa adabu: wewe mwenyewe hizi umefanya ngapi, na wagonjwa wako waliendeleaje? Ni swali la haki, na daktari mzuri halichukii.

Kuna pia maumivu yanayokaa. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 1999 uliwauliza wagonjwa baada ya mwaka mzima: waliosema bado wanasikia maumivu kinenani, hata kidogo, walikuwa karibu 29 kati ya 100 kwa matundu na karibu 37 kwa njia ya wazi. Maumivu ya kudumu yenye uzito hutajwa kwa mtu mmoja hivi katika kila kumi, ukichanganya njia zote. Mimi naona faida ya kweli ya matundu iko hapa kuliko kwenye ile wiki moja ya kurudi kazini. Wiki ya mapumziko mtu huisahau, lakini mwasho na ganzi inayochoma kila anapoinama kufunga kamba ya kiatu haisahauliki.

Hata hivyo, nikizisoma namba hizi huwa najiuliza waliohesabiwa waliishije. Shughuli za kawaida za Mholanzi ni zipi? Mjomba wangu alikuwa mchukuzi sokoni maisha yake yote, mtu wa kubeba lumbesa mgongoni kutoka kwenye lori hadi ghalani. Alipasuliwa kwa njia ya wazi, akawekewa wavu. Asubuhi ya pili nilimkuta muuguzi amesimama kando ya kitanda anamfundisha kuamka. “Baba, usijikunje kama unainuka kwenye mkeka. Geuka kwanza ubavu. Haya, miguu ishuke yenyewe, kisha sukuma kwa kiwiko.” Mjomba akageuka, akashusha miguu, akakaa ukingoni akihema, mkono mmoja umekandamiza bandeji. Kohozi lilimjia. Muuguzi akachukua mto, akauweka juu ya kinena, akamwambia aukumbatie na kuubana kwa nguvu kabla ya kukohoa. Alikohoa, akafumba macho, akafumbua. “Afadhali,” akasema.

Kitandani alifaulu. Mtihani ulikuwa nyumbani, chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na hakuna utafiti niliousoma uliouliza mgonjwa wa ngiri anachuchumaaje siku ya tatu. Dawa za maumivu makali hufunga choo, woga nao huongeza, na mtu akijikaza kinena kizima hulalamika. Shangazi alikata kiti cha plastiki katikati, akakiweka juu ya tundu. Akampikia uji, akamlisha mapapai na maji mengi. Ilikuwa tiba muhimu sawa na wavu, na hakuna aliyeiandika kwenye cheti. Ikaja sala. Mjomba hakuwa tayari kuacha kusujudu, lakini kwenda chini na kuinuka ndiko kulikomuuma kuliko kutembea. Imamu wa mtaani alimkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, na kwa siku zile alisali kwenye kiti, akiinamisha kichwa. Ikaja pia safari ya kurudi kliniki, kwa bajaji, kwenye barabara ya mashimo, kwenye kila shimo akikishika kinena kwa mkono.

Ninaamini mgonjwa wa matundu angeyapita haya kwa wepesi zaidi. Kuinuka chini, kuchuchumaa, kupanda daladala, yote hutumia ile ngao ya mbele ambayo njia ya matundu haikuigusa. Kwa maisha yetu ya mkeka na choo cha chini, huenda faida ya siku za mwanzo ni kubwa kuliko ya mtu anayelala kitanda kirefu na kukaa choo cha kiti. Naisema hoja hii kwa kuwa inaipa njia ya matundu haki yake. Lakini haifiki mbali, kwa sababu mwisho wa wiki ya pili mjomba alikuwa anatembea hadi msikitini na kurudi, anajifulia mwenyewe kanzu yake. Maumivu yalikuwa yamebaki ya kugutuka tu. Alichokuwa hajarudia ni kazi, na kilichomzuia hakikuwa kidonda.

Kilichomzuia ni maneno. Jirani mmoja alimwambia miezi sita asiguse kitu. Mwingine akasema mwaka. Kwenye cheti cha kuruhusiwa palikuwa na mstari mmoja: asibebe vitu vizito. Hapakuandikwa vizito kiasi gani, wala mpaka lini. Kwa karani wa ofisini mstari huo hauna madhara. Anaandikiwa ED, ruhusa ya kupumzika kazini, ya wiki mbili, mshahara unaingia, anarudi kwenye kiti chake. Kwa mtu ambaye kubeba ndiyo ajira, mstari huo ni amri ya kufunga jiko.

Maneno hayo yana asili, na inafaa kuijua. Mwaka 1867 kijana wa Kitaliano aitwaye Edoardo Bassini, akipigana upande wa wafuasi wa Garibaldi karibu na Roma, alichomwa singe ya bunduki kinenani. Alinusurika kwa shida, kidonda kikivuja kwa miezi. Baadaye akawa mpasuaji, na kuanzia mwaka 1884 huko Padua akaanza kuishona ngiri kwa namna iliyokuwa mpya: aliujenga upya ukuta wenyewe kwa kuivuta misuli ya juu na kuishonea kwenye ukingo mgumu wa chini. Kabla yake ngiri ilirudi kwa wengi mno. Baada yake ilianza kupona kweli. Lakini njia yake ilikuwa na gharama: misuli iliyovutwa kutoka mahali pake hutaka kurudi, na nyuzi hubeba mvutano huo usiku na mchana mpaka kovu likomae. Ndipo wagonjwa wakalazwa kwa wiki, na wakaonywa kutobeba kitu kwa miezi. Onyo hilo lilikuwa na mantiki kwa mshono ule.

Huko Toronto, daktari Edward Earle Shouldice alianza kulitilia shaka. Alikuwa ameona watoto waliopasuliwa wakikataa kulala na wasipatwe na lolote. Akawapasua wanaume kwa ganzi ya mahali, akashona tabaka juu ya tabaka kwa uangalifu mkubwa, na operesheni ikiisha akawashusha wakatembea wenyewe kutoka mezani. Wakati wa vita kuu ya pili vijana waliokataliwa jeshini kwa sababu ya ngiri walimwendea, na mwaka 1945 akafungua hospitali yenye jina lake, ambayo hadi leo hufanya ngiri tu. Njia yake ni ya wazi, haina wavu wala kamera, na bado wagonjwa wake wanaamshwa siku ile ile. Kisha mwaka 1984 Irving Lichtenstein wa Los Angeles na wenzake wakaanza kuweka wavu wa polipropilini kwa kila mgonjwa, bila kuivuta misuli hata kidogo. Mvutano ukaondoka. Wakarudisha watu nyumbani siku ile ile, na kuwaruhusu kufanya lolote ambalo maumivu yanaruhusu. Polipropilini, kwa taarifa ya wachukuzi, ndiyo plastiki inayofumwa mifuko ya salfeti wanayoibeba kila siku.

Kwa hiyo miezi sita ilikuwa ya Bassini. Operesheni imebadilika, onyo limebaki. Mgonjwa aliyewekewa wavu, awe amepasuliwa kwa wazi au kwa matundu, hupewa ushauri uliotungwa kwa ajili ya mshono ambao hakushonwa. Denmark walilipima jambo hili waziwazi. Mwaka 2004 walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 1,000 wa njia ya wazi walioambiwa mapumziko ya siku moja yanatosha, kisha warudi kwenye shughuli zao kadiri wanavyojisikia. Walirudi kazini baada ya wiki moja hivi, na ngiri hazikurudi kwa wingi zaidi ya kwa wengine. Ukiiweka tofauti hii kando ya ile ya matundu na wazi, utaona kwamba sentensi moja ya daktari yaweza kuokoa siku nyingi kuliko mnara mzima wa kamera na gesi. Mwongozo wa 2018 nao unasema mgonjwa arudie shughuli zake bila masharti mara anapojisikia vizuri.

Siandiki haya ili mtu atoke wodini akabebe gunia la kilo 100. Kujisikia vizuri si jambo la kubahatisha, na mwili una alama zake. Kikohozi kimoja kikali huongeza msukumo wa tumbo kuliko kuinua ndoo ndogo ya maji, na kama kikohozi hakiumi tena, ndoo haina neno. Ngazi ikipandika bila kushika ukuta, baiskeli inawezekana. Mzigo wa mgongoni huja mwisho, na huja kwa kupanda taratibu: debe, nusu gunia, gunia. Na aliyeshonwa kwa njia ya Bassini, bila wavu, kama bado wanavyoshonwa wengi katika hospitali zetu za wilaya, ana haki ya kuambiwa hivyo na kupewa muda mrefu zaidi. Mgonjwa ajue alichofanyiwa. Ni mstari mmoja tu kwenye cheti: wavu umewekwa, au haukuwekwa.

Mambo mengine ya kuambiwa mapema ni madogo lakini yanatisha sana yasipotajwa. Korodani huweza kuvimba na ngozi yake kugeuka zambarau siku za kwanza, kwa damu iliyoteremka, nayo hupotea yenyewe. Chupi ya kubana husaidia. Kipande cha ngozi chini ya mkato huwa na ganzi kwa miezi. Na pale ngiri ilipokuwa, katika wiki za mwanzo, hutokea uvimbe laini ambao mgonjwa huapa kwamba ni ngiri imerudi. Mara nyingi ni maji yaliyojikusanya kwenye nafasi iliyobaki wazi, na hutokea hata zaidi kwa wa matundu, kwa kuwa mfuko huvutwa na shimo likabaki. Maji hayo hunyonywa na mwili bila sindano. Mjomba alipoushika uvimbe huo alikaa siku nzima hasemi na mtu. Tulipompeleka kliniki, daktari alimsimamisha, akamwambia akohoe, akaupapasa. Haukusukuma mkono. “Ni maji haya, mzee wangu. Yatakwenda.” Joto la mwili, usaha, wekundu unaosambaa, kushindwa kukojoa, au uvimbe mgumu unaouma na kuambatana na kutapika, hayo ndiyo ya kukimbilia hospitali.

Swali la bei linabaki, na hapa Afrika Mashariki tuna jambo la kujivunia. Katika hospitali ya misheni ya Kamuli, mashariki mwa Uganda, madaktari wa Uganda na Sweden waliwapasua wanaume 302 kwa njia ya wazi, kwa ganzi ya mahali, na kuwagawanya kwa kura. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani uliokuwa ukiuzwa dola 125 hivi, nusu wakawekewa kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichokatwa na kutakaswa kwa mvuke, cha thamani ya dola moja. Wazo hilo walikuwa wamelitangulia madaktari wa vijijini India. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja upande wa chandarua, na upande wa pili hakuna hata mmoja, na madhara mengine yalilingana. Matokeo yalichapishwa Januari 2016 katika jarida la tiba la New England, na mwongozo wa 2018 ukaukubali wavu wa bei nafuu. Hakuna mtu wa kujikatia chandarua chake. Kazi ni ya hospitali, kwa kitambaa kilichochaguliwa na kutakaswa kwa kipimo. Lakini tangu hapo, kumwambia mkulima kwamba wavu ni wa matajiri si kweli tena.

Ninaitaja Kamuli kwa sababu operesheni ile, ya wazi, ya ganzi, ya wavu wa dola moja, haina unyonge wowote mbele ya kamera. Ukichukua mwanamume mwenye ngiri ya kwanza, ya upande mmoja, inayorudi akilala, ukamfanyia hiyo vizuri na kumwambia ukweli kuhusu kazi, atakuwa shambani karibu wakati mmoja na mwenzake wa matundu wa hospitali ya bei kubwa. Tatizo letu liko kwingine. Katika eneo lile lile la mashariki mwa Uganda, watafiti waliwapima wanaume 900 wa vijijini na kukuta karibu 7 katika kila 100 wana ngiri isiyotibiwa. Mwanza, ripoti ya hospitali ya Bugando iliyochapishwa 2012 ilieleza wagonjwa waliokaa na ngiri miaka mingi, wengi wakifikishwa kwa dharura imekwisha kukwama, wakashonwa kwa Bassini. Wavu ulikuwa nadra sana.

Ngiri iliyobana hailinganishwi na kitu. Utumbo uliokosa damu hufa kwa saa chache, hukatwa, ncha huungwa, na tumbo lote huweza kufunguliwa katikati. Mara nyingi wavu huogopwa kwa sababu ya uchafu, hivyo mtu hurudi kwenye nyuzi na mvutano. Huyo hahesabu siku 14 wala 21. Hulazwa na mipira puani, familia inauza mbuzi, na wengine hawatoki. Halafu ukimwuliza nduguye kwa nini walichelewa, atasema aliogopa kulala miezi sita, watoto wangekula nini. Onyo la kale lilikuwa limemweka nyumbani mpaka ngiri ikajifunga.

Na hospitali nazo zina mchango wake. Ngiri inayorudi mtu akilala huandikwa mwisho wa orodha, kwa kuwa si dharura. Uzazi pingamizi na ajali za bodaboda huisukuma kila wiki, na mwenye nayo hupangiwa tarehe nyingine hadi achoke kuja. Kabla ya kununua kamera ya pili ya matundu kwa hospitali ya mkoa, ningependa hospitali ya wilaya ipewe siku moja kwa wiki isiyoguswa, ya ngiri tu, daktari na muuguzi waliozoeshwa ganzi ya mahali, nyavu za bei nafuu ghalani, na cheti cha kuruhusiwa chenye nafasi ya kujaza kazi ya mgonjwa. Iwe kabla ya msimu wa kulima, wakati mtu ana wiki mbili za kukaa. Kamera nayo ije, kwa wenye ngiri mbili na za kurudi, na kwa wanawake ambao mara nyingi hata hawadhaniwi kuwa nazo, na iwekwe mahali ambapo daktari atafanya nyingi za kutosha mkono wake uzoee.

Mjomba alirudi sokoni akianza na mizigo midogo, vikapu vya nyanya na madebe, kabla hajarudia magunia. Wenzake walimwona. Wawili kati yao walikuwa wakijifunga mikanda ya kitambaa viunoni kwa miaka, kila mtu akijua na hakuna anayesema. Mmoja alimfuata mchana, pembeni ya lori, akamwuliza operesheni inafanywaje na shilingi ngapi, na kama ni kweli mtu hulala miezi sita.